Ruta Imeandikwa 300 Mbps, Kwako Zinafika 6: Kasi Inapotelea Wapi?

Swali linaloulizwa kuliko yote katika maduka ya vifaa vya simu Mwanjelwa, na katika makundi ya WhatsApp ya wapangaji wa Iyunga au Kihesa, ni hili: "Ruta gani ya bei nafuu yenye spidi?" Majibu hayakosi. Mmoja atasema chukua yenye antena nne. Mwingine atasema achana na hizo, tafuta ya 5G. Wa tatu ataapa kwamba dawa ni kubadili laini tu. Mnunuzi anatoa fedha aliyoidunduliza, anafika nyumbani, anachomeka, anapima kasi, na kipimo kinamwonyesha 6 Mbps wakati boksi limeandikwa 300 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la ruta yenyewe. Anaamini ametapeliwa.

Mara nyingi hajatapeliwa. Ile 300 ni namba ya kweli, ila inapima kitu tofauti na alichokuwa anakifikiria. Na kwa kuwa fedha ya kununulia ruta katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe ni fedha ya kujinyima, inafaa mtu ajue anacholipia kabla hajalipa.

Tuanze na maneno matatu yanayochanganywa kila siku. Intaneti ni mtandao unaounganisha kompyuta za dunia nzima, na unakufikia kupitia mtoa huduma wako: ama kwa mawimbi ya mnara wa simu, ama kwa waya wa faiba. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta yako na kuishia sebuleni, chumbani, au kwa jirani. Ruta ndicho kifaa kinachokaa katikati: inapokea intaneti upande mmoja na kuigawa kwa Wi-Fi upande wa pili. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha alama ya Wi-Fi imejaa huku ukurasa haufunguki. Simu na ruta wanasikilizana vizuri kabisa, ila ruta yenyewe haina cha kugawa.

Fikiria mzigo unaotoka Dar es Salaam kuja nyumbani kwako Isanga. Unapanda barabara kuu ya TANZAM, unapita Iringa, Makambako, Uyole, unaingia kwenye foleni ya malori mpaka Mafiati, kisha unakata kuingia mtaani na kumalizia kwenye kichochoro cha kwenu. Ukikitandika lami kile kichochoro, mzigo hautafika mapema hata kwa dakika kumi kama malori yamefungana barabara kuu. Wi-Fi ni kichochoro. Namba ya 300 kwenye boksi ni ubora wa kichochoro. Foleni yako, mara nyingi, iko nje.

Tena hata huko nje, tatizo si umbali wetu kutoka Dar. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Iringa na Mbeya na kwenda hadi mipakani, Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi. Waya wa kubeba data nyingi uko hapa hapa kwetu. Kinachokwamisha ni kile kipande cha mwisho, kutoka mnarani au kwenye nguzo hadi ndani ya nyumba.

Pima kabla ya kutoa fedha

Kama tayari una ruta na unataka kuibadili kwa sababu "iko slo", fanya hivi kwanza. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta na upime kasi kwa simu. Kisha nenda chumba cha mwisho upime tena. Ukiweza kuazima kompyuta na waya wa mtandao, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta upime mara ya tatu, maana waya unaiondoa Wi-Fi kabisa kwenye hesabu. Ikiwa kwa waya unapata 6 na chumbani unapata 6, kichochoro hakina kosa, na ruta mpya ya Wi-Fi, hata iwe ya bei gani, itakupa 6 ile ile. Ikiwa kwa waya unapata 40 na chumbani 4, hapo ndipo ruta au mahali ilipowekwa pana kesi ya kujibu.

Pima pia kwa saa tofauti. Saa mbili usiku, watu wote wamerudi nyumbani na kila mmoja ameshika simu, mnara mmoja unagawana uwezo wake kwa mtaa mzima. Saa kumi alfajiri mnara ni wako na walinzi. Ukikuta alfajiri unapata 35 na usiku 5, ruta yako ni nzima. Mnara umejaa, na suluhisho lake ni kujaribu mtandao mwingine ambao mnara wake haujalemewa.

Kwa asiye na ruta bado, simu ndiyo maabara ya bure. Tafuta laini za mitandao mbalimbali, Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL, hata kwa kuazima kwa ndugu na jirani, na upime kila moja ukiwa dirishani pa chumba utakachoweka ruta, jioni kukiwa na msongamano. Antena za ruta kwa kawaida ni kubwa kuliko za simu, kwa hiyo laini inayokupa 15 kwenye simu ya 4G pale dirishani haitakuangusha kwenye ruta. Kazi hii ya jioni moja inaokoa fedha kuliko ushauri wowote wa dukani, kwa sababu laini iliyo bora Sae inaweza kuwa ya mwisho Nzovwe.

Neno kuhusu vipimo vyenyewe. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na megabiti ni ndogo mara nane kuliko ile MB ya kwenye bando. Kasi ya 20 Mbps inashusha MB 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 700 litachukua karibu dakika tano. Aliyezoea kuona "2.5" wakati wa kupakua na akadhani anaibiwa 20 zake, anapata haki yake yote.

Na je, nyumba inahitaji kasi kiasi gani? Kidogo kuliko matangazo yanavyotaka uamini. Netflix wenyewe wanashauri 5 Mbps kwa video ya HD kamili na 15 Mbps kwa 4K. Nyumba ya watu watano, runinga moja ikicheza video, mwanafunzi mmoja yuko kwenye kipindi cha mtandaoni, na wengine wako kwenye simu, itaishi kwa raha na 20 Mbps za kweli. Za kweli, nasisitiza, zinazopatikana saa mbili usiku. Anayekimbilia ruta iliyoandikwa 1200 wakati laini yake haijawahi kuvuka 25 ananunua namba za kutazama.

Ruta za laini: boksi linasema nini

Wengi wetu huku bado tunategemea ruta za kuweka laini, kwa hiyo hapa pana haja ya kukaa kidogo.

Ruta ya laini ina namba mbili za kasi, na muuzaji atakuonyesha ile kubwa. Chukua mfano wa TP-Link TL-MR6400. Upande wa Wi-Fi imeandikwa hadi 300 Mbps. Upande wa 4G ni daraja linaloitwa Cat 4, ambalo mwisho wake ni 150 Mbps kushusha na 50 kupandisha. Na hizo 150 ni za maabara: mnara wenye nafasi ya kutosha, hakuna mtumiaji mwingine, hakuna mlima. Antena mbili unazoziona zimesimama nyuma yake ni za 4G. Za Wi-Fi zimefichwa ndani.

Hapo utaona kwa nini kuhesabu antena kunapotosha watu. Antena ya nje inaweza kuwa ya mnara au ya Wi-Fi, na ukitazama kwa macho huwezi kujua. Hata kwenye ruta ambayo antena zote ni za Wi-Fi, simu nyingi hazina zaidi ya antena mbili za kuzungumza nayo, kwa hiyo ya tatu na ya nne haziiongezei simu yako moja kasi ya maana. Kilicho muhimu kwenye ruta ya laini ni kama antena za 4G zinafunguka, yaani kama kuna tundu la kuchomekea antena ya nje siku utakapoihitaji. Kwa mtu anayeishi bondeni, tundu hilo ni bora kuliko antena sita zilizogandishwa.

Na mabonde tunayo. Jiji la Mbeya limelala chini ya mlima Loleza upande wa kaskazini, na milima ya Uporoto iko kusini mashariki. Iringa mjini iko juu kilimani, Ipogolo iko chini kwenye barabara kuu na Mto Ruaha Mdogo. Mawimbi ya simu hayapandi kilima yakashuka upande wa pili kama mbuzi wanavyofanya. Kilima kikikaa kati yako na mnara, unapata mabaki. Masafa ya mawimbi (frikwensi) yaliyo ya chini, kama 700 na 800 MHz, huenda mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 1800 au 2600, ambayo kwa upande wao kwa kawaida hupewa nafasi pana ya kubeba data nyingi. Mtu wa Makete au vijiji vya Mufindi aliye mbali na mnara anayategemea zaidi yale ya chini. Ndiyo sababu ruta iliyotoka nchi nyingine, nzuri na rahisi, inaweza kufika hapa ikawa kiziwi: haina masafa yanayotumiwa na mnara wako. Kabla ya kununua ya mtumba, tafuta jina lake kamili la modeli mtandaoni, utazame orodha ya bendi zake, yaani masafa inayoyapokea, kisha uulize dawati la mtandao wako wanatumia bendi zipi eneo lako.

Tatizo la pili la ruta za mtumba ni kufungwa. Ruta nyingi zinazouzwa na makampuni ya simu hufungwa zikubali laini ya kampuni hiyo tu. Kama umepima ukakuta mtandao ule ndio bora kwako na una uhakika hutahama, hilo si baya, na mara nyingine kampuni huishusha bei kwa sababu hiyo. Lakini kama wewe ni mpangaji ambaye mwakani unaweza kuwa Mafinga au Vwawa, nunua iliyo wazi kwa laini zote. Fundi wa kuifungua anaweza kupatikana, na anaweza pia kuiua.

Ukishaweka laini, acha kutazama vijiti vya mawimbi. Vijiti vinaonyesha nguvu, na nguvu peke yake haitoshi. Karibu kila ruta ya laini ina ukurasa wake wa mipangilio, unaoufungua kwa kuandika kwenye kivinjari namba iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Ndani utakuta vipimo viwili. RSRP ni nguvu ya wimbi la mnara: -80 ni nzuri sana, -100 ni ya kuvumilia, ukivuka -110 unahangaika. SINR ni usafi wa wimbi, yaani linasikika kwa kiasi gani juu ya kelele za minara mingine: juu ya 20 ni safi, karibu na 0 ni vurugu. Nyumba iliyo kati ya minara mitatu inaweza kuwa na vijiti vyote na bado video ikaganda, kwa sababu SINR ni 2. Sogeza ruta kutoka dirisha moja hadi jingine, subiri nusu dakika kila mara, na usome hizo namba. Nimeona ruta ile ile, laini ile ile, ikibadilika kabisa kwa kuhamishwa kutoka juu ya kabati hadi dirisha la upande wa pili. Hakuna senti iliyotumika.

Mvua inasingiziwa mengi huku kwetu, hasa Tukuyu ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2000. Masafa ya 4G yenyewe hayajali mvua kwa kiasi cha watu kugundua. Lakini minara mingi huzungumza na minara mingine kwa yale masahani ya duara yaliyofungwa juu yake, na masafa ya masahani hayo ni ya juu zaidi, ambayo mvua kubwa huyapunguza kweli. Ongeza umeme kukatika, majani ya miti yaliyolowa yakiwa kati yako na mnara, na watu wote wakiwa ndani na simu mkononi. Kwa hiyo anayesema "mtandao umelowa" anaona jambo la kweli, ila ruta mpya haitalitibu.

Tofautisha pia 5G na 5 GHz, maana hapa watu wameumia. 5G ni kizazi cha tano cha mtandao wa simu. Vodacom walikizindua Tanzania Septemba 2022, na wengine wakafuata. 5 GHz ni masafa ya Wi-Fi, ya pale kichochoroni, na yalikuwepo miaka mingi kabla ya 5G. Ruta iliyoandikwa "5G WiFi" inaweza kuwa ya 4G tupu, au hata isiwe na mahali pa laini. Na ruta ya 5G ya kweli, ambayo bei yake ni kubwa, ukiipeleka mtaa usio na mnara wa 5G itafanya kazi kama ya 4G. Simu ya rafiki yenye 5G itakuonyesha kama alama hiyo inatokea kwako. Isipotokea, usilipie.

Lipo lalamiko jingine nalisikia sana: "Tangu niweke ruta bando linaisha kwa siku mbili, hii mashine inaiba MB." Haiibi. Simu na kompyuta zikiona Wi-Fi huamini ziko kwenye intaneti isiyo na kikomo. Hapo zinaanza kusasisha programu, kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kuchagua video ya ubora wa juu. Video inayotiririka kwa 5 Mbps inakula GB 2.25 kwa saa. Watoto wakitazama katuni saa tatu, unakaribia GB 7. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila simu na kompyuta uiambie kwamba mtandao huo una kikomo. Na kabla ya kulipia kifurushi kinachoitwa hakina ukomo, uliza swali moja: baada ya GB ngapi kasi inashushwa, na inashushwa hadi ngapi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko aina ya ruta.

Kwa mwanafunzi anayehama hama, kile kiruta kidogo cha mfukoni chenye betri kinatosha. Kwa nyumba nzima, hapana.

Ukiwa na faiba

Mahali faiba ilikofika, mambo ni mepesi. Fundi atakuja na kikasha kinachobadilisha mwanga wa kwenye waya kuwa mtandao wa kawaida, na mara nyingi kikasha hicho kina Wi-Fi ndani yake. Kitumie kwanza. Watu wananunua ruta ya pili kabla hata hawajajua ya kwanza inafika wapi.

Ikibidi kununua, kagua poti, yaani matundu ya waya. Kuna poti za 100 Mbps na poti za gigabiti. TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote ziliuzwa kama AC1200, yaani Wi-Fi ya jumla ya 1200 Mbps, lakini ya kwanza ina poti za 100 na ya pili ina za gigabiti. Kifurushi chako kikiwa cha 20 au 50, hutaona tofauti yoyote, chukua ya bei ndogo. Kikiwa cha 200, ile ya poti za 100 itakukatia nusu mlangoni, hata Wi-Fi yake iwe kali vipi.

Na hiyo 1200 imepatikana kwa kujumlisha: takribani 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz. Simu yako inatumia moja kwa wakati, na hata hiyo moja kwa kawaida huambulia nusu yake au pungufu.

Ndani ya nyumba

Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya kuta, ila yamejaa. Yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Kwenye fremu za maduka Mwanjelwa au Miyomboni, ambako kila duka lina ruta yake, chaneli hizo tatu zinagombaniwa na ruta kumi na tano. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini ukuta mmoja tu wa tofali za kuchoma unayadhoofisha. Kwa hiyo ruta yenye masafa yote mawili inastahili nyongeza ya bei kama unaishi kwenye msongamano. Kama nyumba yako iko peke yake shambani Rungwe, ruta ya 2.4 peke yake itakutosha na chenji ikabaki.

Mahali pa kuiweka ni juu, wazi, katikati ya nyumba. Nyuma ya runinga ni pabaya. Ndani ya kabati la vyombo ni pabaya zaidi. Chuma ndicho adui mkubwa: mlango wa geti, bati, kioo kikubwa chenye mgongo wa fedha. Nyumba nyingi zetu zina vyumba vya uani vilivyotengwa na nyumba kubwa, na mawimbi hukata hapo kati. Wengi hununua kirudishi cha mawimbi, kile cha kuchomeka ukutani. Kinasaidia, ila kile cha bei ndogo kinapokea na kurusha kwa masafa yale yale, na kasi hupungua karibu nusu. Waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100. Ukiupitisha darini hadi uani na kuweka huko ruta ya zamani iliyotupwa stoo, utapata matokeo mazuri kuliko kirudishi chochote cha bei hiyo.

Ruta ya laini ina mgongano wake hapa: kwa ajili ya mnara inataka dirisha, kwa ajili ya Wi-Fi inataka katikati ya nyumba. Dirisha lishinde. Wi-Fi unaweza kuiongeza kwa waya, lakini wimbi la mnara lisiloingia huwezi kulitengeneza ndani.

Kwenye nyumba za wapangaji, zile za vyumba sita au nane karibu na vyuo, mtu mmoja anayepakua filamu anaweza kuwanyima wengine wote. Kabla ya kugombana, fungua ukurasa wa mipangilio. Baadhi ya ruta za bei ya chini kabisa zina sehemu ya kuweka ukomo wa kasi kwa kila kifaa, na watu hawajawahi kuifungua. Hapo pia ndipo Wi-Fi 6, kizazi cha Wi-Fi kilichoanza kuthibitishwa mwaka 2019, inapokuwa na maana, kwa sababu inapanga vizuri zamu za vifaa vingi. Kwa familia ya simu nne, nyingi zikiwa za zamani zisizo na Wi-Fi 6, Wi-Fi 5, kizazi kilichotangulia, inatosha kabisa.

Usalama ni mambo mawili. Badili nenosiri la Wi-Fi na lile la kuingilia ukurasa wa mipangilio, na kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi uchague WPA2 au WPA3.

Umeme nao uhesabu kwenye bajeti. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi kumi na kitu, kwa hiyo betri ndogo ya ruta inaweza kuishikilia saa kadhaa TANESCO wakikata. Linganisha volti na ampea za adapta yako na za betri kabla ya kuchomeka, maana volti zikizidi ruta inaungua. Na radi zikianza, kama zinavyopiga huku Novemba hadi Aprili, chomoa adapta ukutani.

Kama ningekuwa nanunua leo kwa fedha ya kubana, kwa laini ningechukua ruta ya Cat 4 iliyo wazi kwa mitandao yote, yenye antena za 4G zinazofunguka na poti ya waya. Cat 6, ambayo inaunganisha masafa mawili ya mnara kwa pamoja na mwisho wake ni 300 kushusha, ningeichukua tu kama tofauti ya bei ni ndogo, kwa sababu mnara wenyewe lazima uwe unaunganisha masafa hayo. Kwa faiba chini ya 100, AC1200 yoyote ya kampuni inayojulikana.

Nenda dukani na laini yako yenye bando. Iweke kwenye ruta mbele ya muuzaji, fungua ukurasa wa mipangilio, hakikisha imesoma 4G, kisha ufungue tovuti mbili tatu. Weka na laini ya mtandao mwingine kuhakiki kwamba haijafungwa. Tazama kibandiko cha chini kama jina la modeli linafanana na la kwenye boksi. Risiti iandikwe modeli na namba ya IMEI (utambulisho) ya ruta hiyo, pamoja na muda wa waranti, na boksi usilitupe kabla muda huo haujaisha.